Shairi la Kuaga Lililokosa Vina

Mhadhiri wa ushairi, ambaye wanafunzi wake walimwita Bwana Mizani, alikuwa na mke muuguzi, na mke huyo alikuwa amechoka. Alishamlalamikia kwa maneno ya kawaida, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Basi asubuhi moja akamwandikia shairi, maana mumewe hakuwa na subira ya kusoma kitu kingine, akaliweka kando ya kikombe chake cha chai.

*Miaka nimekungoja, mume wangu nitazame,*
*Sasa nimechoka mimi, naenda kwa mama yangu.*

Bwana Mizani akahesabu kwa vidole, uso ukamkunjuka.

"Mke wangu! Mizani imetimia! Nane kwa nane!"

Chumbani, mkewe alisimama na gauni mkononi, akasubiri.

"Ila vina!" mume akaendelea, akipapasa mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. "Umeanza na 'ja' na 'me', ukamalizia na 'mi' na 'ngu'. Kuchoka ruksa, lakini choka kwa vina! Halafu mishororo miwili tu? Ongeza miwili iwe tarbia."

"Sina la kuongeza," mke akajibu, akifunga begi.

Dada yake alipokuja kumchukua, Bwana Mizani mwenyewe aliwashikia mlango, akili yake ikiwa bado kwenye 'ngu'.

Jumapili, baada ya kuunguza sufuria ya mayai, alivaa suti akaenda ukweni. Mama mkwe akafungua mlango.

"Umekuja kumwomba radhi mkeo, baba?"

"Nimemletea shairi lake, mama. Nimelisahihisha."

Mkewe akatoka, akapokea karatasi. Mshororo wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa mpya:

*Bado nitazidi ngoja, hata mwaka usimame.*

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Kwa hiyo sikuondoka?"

"Kina hakikuruhusu," Bwana Mizani akasema kwa upole, kama anayemfariji mwanafunzi aliyefeli.

"Basi rudi nyumbani ukae na huyo anayekungoja."

Akamrudishia karatasi, akaingia ndani. Mama mkwe, mtu wa adabu zake, akamsindikiza mkwewe hadi getini, kisha akatia komeo.

Njiani Bwana Mizani alimlalamikia dereva wa teksi kwamba siku hizi watu hawapendi kukosolewa. Dereva akaongeza sauti ya redio.