Mkoba Uliozuiliwa

Pale mapokezi ya kliniki ya meno, Mama Pacha alikuwa akimwandikia mgonjwa wa nne kadi simu ilipotetemeka. Ujumbe wa posta: kifurushi chake kimezuiliwa na forodha, afike na kitambulisho kabla ya saa nane.

Ndani yake kulikuwa na mkoba. Meneja mpya wa kliniki alishasema mtu wa mapokezi ndiye sura ya kliniki, akautazama mfuko wake wa kitambaa kama aliyeona mende. Mshahara hakuongeza. Basi dada yake akamwingiza kwenye kundi la simu ambako mikoba ya majina makubwa iliuzwa kwa bei ya kutupa. "Kopi namba moja," muuzaji aliandika. "Hata mwenye kiwanda hajui." Akaagiza, tena kwa anwani ya kliniki.

Saa ya chakula alikimbilia posta, akapanga foleni. Ofisa wa forodha, mzee mwenye miwani, alikipapasa kifurushi bila kukifungua.

"Shikamoo."

"Marahaba. Humu mna nini, mama?"

"Mkoba."

"Halali au feki?"

Akatoa kitambulisho, akakisukuma juu ya kaunta.

"Feki ni kosa. Mkoba unachomwa, faini juu. Na naona anwani ya kazini, itabidi niwaandikie mabosi wako." Akashusha sauti. "Au tuyamalize kiutu uzima."

Kazi ile aliisotea miaka mitatu. Lakini mkononi hakuwa na hata nauli ya kurudi, na labda hilo ndilo lililompa ulimi.

"Sina cha kukupa, mzee. Andika barua yako. Ila fungua kwanza, watu waone unachokiandika."

"Kweli, fungua bwana," akadakia mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Tunachelewa."

Ofisa akachana utepe wa gundi kwa hasira. Zikatoka taulo mbili kuukuu zenye madoa, na katikati yake nusu tofali.

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mkoba uko wapi?" ofisa akafoka.

"Si ungeniambia wewe uliyekaa nao?"

"Taulo hizo si feki," akasema yule mwanamke. "Ni halisi kabisa!"

Ofisa akasukuma fomu. "Lipia ada ya kuhifadhi, siku tisa, uchukue mzigo wako."

"Kuhifadhi tofali? Baki nalo. Taulo futia kaunta, ina vumbi. Mimi nigongee muhuri tu kwamba sina kesi."

Ofisa akaugonga muhuri nusura avunje meza.

Nje, Mama Pacha aliegemea ukuta. Akiba ya miezi mitano imeliwa na mtu asiyemjua hata sura. Akampigia dada yake.

"Tumeibiwa, dada. Wameleta tofali."

"Mungu wangu! Sasa unacheka nini?"

Akafuta machozi, hakujua ni ya kicheko au ya kitu gani.

"We acha tu. Wangekuwa waaminifu, saa hizi sina kazi."