Gunia Sawa na Baba

Kwenye ghala lile la nafaka, gunia halikupimwa kwa mawe, lilipimwa kwa mtu. Babu alipolianzisha ghala hilo hakuwa na mawe ya mizani, ila mwili wake ulikuwa kilo tisini kamili. Basi akakaa mwenyewe kwenye kitanga kimoja, gunia la maharage likajazwa kwenye kingine hadi vikalingana. Wateja wakaridhika. Babu alipofariki, mwanawe akapimwa mbele ya watu kama ng'ombe wa mnada. Kilo tisini! Akarithi kitanga.

Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita, na tangu hapo, jamani, hakuna aliyempima tena.

Sasa binti yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Kijiti, na ukimwona huulizi kwa nini, alikuwa amerudi kusaidia ghalani, na jambo moja lilimkosesha usingizi. Daktari alimwambia baba apunguze mwili, moyo umechoka.

"Nipunguze?" baba akang'aka. "Niwaibie wateja?"

Na wateja nao! Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mpishi wa shule alileta mayai ya kuchemsha, sita kwa mpigo. Mama mwenye hoteli alileta wali na nyama yenye mafuta, akasimama palepale hadi aone vyote vimemezwa.

"Kula, mzee wetu, umekonda."

Mzee wa watu machozi yalimlengalenga. "Unaona, mwanangu? Watu wananipenda."

Kijiti hakuwa mjinga. Aliona wanamlisha kabla ya kupima, kamwe si baada. Na magunia siku hizi yalifurika hadi yakashonwa kwa kukandamizwa na magoti ya watu wawili.

Akanunua mizani ya umeme. Asubuhi moja, wateja wakiwa wamejaa, akamwomba baba apande, eti kuijaribu.

Mia moja na ishirini na moja.

Mama mwenye hoteli akaangalia dari. Mpishi akakumbuka ameacha sufuria motoni.

"Mashine mbovu hii," baba akasema.

Kijiti akapandisha mfuko wa sukari wa kilo hamsini. Hamsini. Uvumilivu ukamwishia. "Daktari anasema moyo wako hauwezi, Baba, na hawa wanakunenepesha wapate maharage ya bure!"

Baba akashuka taratibu. "Kumbe yale mayai," akasema, basi.

Kijiti alijuta kufungua mdomo. Alitaka kumtoa baba kitangani apone, si kumvunja moyo.

Kesho yake vitanga viliteremshwa. Baba alikaa kwenye kiti mlangoni, mikono mapajani, akiwatazama wateja wakiingia, wakipima, wakienda zao. Hakuna aliyebeba hata ndizi. Kila kivuli kilipopita aliinua kichwa, na Kijiti akajifanya anafagia.

Adhuhuri akaja mpishi wa shule. Hakuwa na gunia. Alimwekea baba bakuli mapajani, akakaa juu ya boksi tupu.

Baba akafunua. "Nini hiki?"

"Matango."

"Mayai yako wapi?"

"Mayai umekatazwa, mbishi wewe. Tulikukosea, mzee. Mwakani nataka nikukute hapahapa."

Baba akaonja kipande, akakunja uso. "Hata chumvi hujatia."

"Sijatia."

Akalalamika kuhusu chumvi hadi kipande cha mwisho, na bakuli akalirudisha jeupe.