Sanduku Halitoki Mpaka Lijae

Kanini alifunga mpira juu ya kiwiko cha Kulthum, akapapasa mshipa, akaingiza sindano. Alijaza kwanza kichupa cha kifuniko cha buluu, mpaka kwenye mstari kabisa, kwa sababu dawa iliyo ndani inatosha damu ya kiasi hicho tu. Alikipindua taratibu bila kukitikisa, akaandika jina na saa.

"Hii ni mara ya tatu wiki hii," Kulthum alisema. "Mtanimaliza kabla ya ugonjwa."

"Mama Muna, mimi natoa tu. Kupeleka ni maneno ya Mburu."

Kulthum aliuza mitumba Kiandutu. Alikuwa na vali ya chuma moyoni na alimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Tangu Jumapili fizi zake zilivuja, na kila asubuhi mto wake ulikuwa mwekundu. Daktari hakutaka kubahatisha. Kama dawa imezidi, angevuja mpaka aishe. Akikatiwa dawa ovyo, damu ingeganda kwenye vali. Alitaka jibu la maabara, na mashine ya kipimo hicho ilikuwa Ruiru. Damu ya kupima kuganda ikikaa sana haifai tena. Sampuli mbili za kwanza zilishinda kutwa nzima hapo klinikini, Kiganjo, na Ruiru wakazikataa.

Zilishinda kwa sababu kliniki ilikuwa ya Mburu, na Mburu alianza maisha kama makanga, akiita abiria mpaka matatu ijae. Sanduku la sampuli lilikuwa na matundu ishirini, nalo halikutoka mpaka lijae. Kanini alishamweleza ubaya wake. Mburu alimsikiliza mpaka mwisho na kukubali kila neno.

"Una haki kabisa," alimjibu. "Lakini pikipiki haiwezi kubeba hewa mpaka Ruiru."

Asubuhi hiyo sanduku lilikuwa na vichupa sita. Nzioki, mwendesha pikipiki wa kliniki, alikuwa amelala kwenye benchi. Muna, binti ya Kulthum, alikuwa ametoka hosteli yake Kahawa Wendani alfajiri, na sasa alikuwa akigombana na Mburu mlangoni. Ndipo kichupa cha mama yake kilipotoka kwenye tundu, kikapita katikati yao, wima, usawa wa kiuno, kikashika njia ya barabara kuu.

"Hiyo ni ya nani?" Mburu aliuliza.

"Ya Mama Muna," Kanini alisema.

"Ingekaa hapa ifanye nini?" Kulthum alisema, akajifuta mdomo.

Muna alimvuta Nzioki shati. "Amka! Tuifuate!"

Kichupa kilikwenda kasi kuliko malori. Kwenye matuta kilipunguza mwendo, kwa kuwa hakikutaka kutikiswa, kisha kikachapuka tena. Kufika Witeithie, wenye bodaboda wa steji nzima walikuwa nyuma yake wakipiga honi. Kina mama wa mboga waliinua sukuma wiki juu wakipunga. Juja, wanafunzi walijipanga kandokando ya barabara.

"Niaje, msupa! Hiyo ni damu ama tomato?"

"Ni ya mathe!" Muna alipiga kelele. "Toka njia!"

Wakatoka, wakashangilia mpaka sauti zikawakauka.

Mbele kidogo askari wa trafiki alikisimamisha. Alikiinamia, akasoma jina, akasoma saa.

"Lebo iko sawa. Pita."

Nzioki ndiye aliyezuiwa, kwa kukosa jaketi ya kumulika. Muna alirukia bodaboda ya nyuma bila kuuliza ni ya nani.

Ruiru, Dianah wa maabara alisikia honi, akafungua mlango. Kichupa kiliingia na kusimama kwenye foleni, nyuma ya vichupa vilivyokuwa vimetangulia. Muna aliuma kidole. Dianah alitazama mstari wa kichupa, akatazama saa iliyoandikwa.

"Hii bado freshi," alisema. "Tunaipima."

Jibu lilimfikia daktari kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Dawa ilikuwa imezidi sana. Alimwita Kulthum, akamchoma sindano ya kuituliza, akampunguzia vidonge. Muna alipiga mayowe ya furaha barabarani mpaka wenye bodaboda wakaanza kumbeba juujuu. Ijumaa Kulthum alikuwa kibandani mwake akitafuna mahindi choma kwa meno ya mbele, mto wake mweupe.

Mburu alifurahi kuliko wote. Alimsimulia kila mgonjwa aliyeingia, na juu ya mlango akabandika karatasi: DAMU YENYE HARAKA HUJIPELEKA. Kanini alimuuliza kuhusu ile isiyojipeleka.

"Hiyo haina haraka," Mburu alisema.

Jumatatu alikuja Mzee Maluki, mkulima wa upande wa mashariki ya Thika, mguu umevimba kwa damu iliyoganda. Kanini alijaza kichupa cha buluu mpaka kwenye mstari, akakipindua taratibu, akakiweka kwenye tundu lake. Kikakaa.

"Ongea nayo, mzee," Mburu alimshauri.

Mzee Maluki aliinama juu ya sanduku na kuisihi damu yake kwa Kikamba, kwa upole, kama mtu anayemtoa ng'ombe zizini. Foleni nzima ilisogea kumsaidia. "Enda! Enda, mama!" waliibembeleza damu wakipiga makofi. Jua lilipanda, likapita utosini.

Nzioki alilala kwenye benchi, jaketi mpya ya kumulika kifuani. Mburu alitoka mlangoni, akapiga ukuta kwa kiganja mara mbili, akawaita wapita njia.

"Ruiru, Ruiru! Bado wawili! Wawili tu, tutoke!"