Karani Kasimiri na Chui wa Usoke

Kasimiri alikuwa karani wa bohari ya mizigo katika stesheni ya Tabora. Kazi yake ilikuwa kupima pamba, nta na ngozi, na aliifanya vizuri, lakini moyo wake haukuwa kwenye mizani. Moyo wake ulikuwa kwa marehemu Anselm Ngollo, mwandishi wa riwaya ya Mpagazi Kasembe. Siku zile kila aliyejua kusoma alikuwa ameisoma, na wasiojua kusoma walikuwa wamesimuliwa.

Riwaya yenyewe ilihusu mpagazi kijana wa misafara ya zamani, ile iliyopita Tabora ikielekea Ujiji. Kasembe anafika kisimani karibu na Usoke, anamkuta binti mzuri aitwaye Kalekwa, na chui amejikunja juu ya shina lililoinama tayari kumrukia. Kasembe anatua pembe ya ndovu aliyoibeba, anapigana na chui kwa mikono mitupu, anamuua, kisha anaanguka. Kalekwa anamuuguza mpaka anapona. Wanapendana. Halafu msafara unaondoka naye, na katika ukurasa wa mwisho Kalekwa amesimama njiani akiangalia vumbi la wapagazi mpaka linatua. Kasimiri hakuwahi kuufikia ukurasa huo bila kutafuta leso.

Ngollo alikuwa amefia Dodoma baada ya Vita Kuu ya Pili, na habari za maisha yake hazikujulikana, ila kwamba ujanani alikuwa mpagazi kweli, kabla reli haijafika Tabora. Nyuma ya kitabu kulikuwa na picha yake, mtu mzima aliyevaa koti, ana kovu refu shavuni. Kovu hilo lilimnyima Kasimiri usingizi. Kama lilikuwa la chui, basi Kasembe ni Ngollo mwenyewe. Na kama Kasembe ni Ngollo, basi Kalekwa naye yupo, au alikuwepo.

Mkewe, Apolinaria, alishirikishwa katika utafiti huu bila kuulizwa. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Anselm. Wa pili, msichana, alinusurika kuitwa Mpagazi kwa sababu padri alikataa kumbatiza kwa jina hilo. Mbuzi wao wa maziwa aliitwa Kalekwa, na Apolinaria alipomfukuza kwenye mchicha kwa ufagio, Kasimiri alitoka ndani amekunja uso kana kwamba anatukanwa yeye.

Watu wa mjini walikwishamzoea. Mzee yeyote aliyeleta mzigo stesheni aliulizwa kwanza kama alimjua Ngollo, ndipo akaulizwa mzigo unakwenda wapi. Wengi walisema hawamjui. Mmoja tu, Mzee Nassibu, muuza vitambaa wa mtaa wa Gongoni, ndiye aliyekubali. Yeye aliwahi kuwa msimamizi wa wapagazi.

"Anselm? Namkumbuka sana," alisema, akiendelea kukunja khanga.

Kasimiri akaketi juu ya robota la kitambaa cha marekani. "Shikamoo, mzee," akasema, maana alikuwa ameisahau salamu.

"Marahaba, mwanangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee Nassibu alifikiri. "Mlafi," akasema.

Kasimiri alingoja kuona kama kuna zaidi. Kulikuwepo.

"Halafu alikuwa anaogopa kuku. Tukifika kijiji chochote, anatazama kwanza kuku wako wapi, ndipo anatua mzigo."

"Mzigo wa pembe za ndovu?"

"Mzigo wa masufuria. Alikuwa wa jikoni."

Kasimiri alijaribu kuamini kwamba huyu ni Anselm mwingine. Akauliza habari za kovu.

"Ah, lile alilipata Usoke," alisema Mzee Nassibu. "Tulimwacha huko kwa mtu mmoja, mguu umeteguka. Tulipompitia kurudi, tukamkuta na kovu. Yule mtu alikuwa na binti mkali sana. Baadaye nilisikia amebatizwa, anaitwa Bertila. Sijui kama yu hai."

Jumapili iliyofuata Kasimiri alikosa misa kwa mara ya kwanza tangu aoe. Alipakia baiskeli yake kwenye behewa, akashuka Usoke, akafuata njia ya zamani ya misafara iliyobaki kama mfereji katikati ya miombo. Kila alipopita shina lililoinama alishuka kulitazama vizuri, asije akapita mahali patakatifu bila kujua. Alifika saa ya jua kali, amelowa jasho, tai yake imegeukia mgongoni.

Bibi Bertila alikuwa hai. Alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, mjane mwenye wajukuu wengi, na alikuwa anatwanga. Alimkaribisha kwa Kinyamwezi, kisha alipoona tai akahamia Kiswahili. Kasimiri hakuweza kungoja hata maji.

"Bibi, uliwahi kumjua Anselm Ngollo?"

Mchi ulisimama hewani. "Yule aliyekula karanga zetu za mbegu?"

Basi akasimulia, tena kwa hasira ambayo miaka yote hiyo haikuipoza. Yeye alikuwa kisimani. Akaja kijana wa msafara, hakuomba wala hakusalimu, akatia mdomo moja kwa moja kwenye mtungi wake. Bertila akampiga kichwani kwa kata ya kuchotea maji. Kijana akateleza kwenye tope, mguu ukateguka, msafara ukamwacha. Baba yake Bertila, kwa huruma, akampa kibanda cha uani. Huko kijana akakaa akila karanga zilizowekwa kwa ajili ya kupanda, mpaka mvua ziliponyesha wenye shamba wakakuta maganda matupu.

"Na chui?" Kasimiri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chui gani?"

"Aliyemkwaruza shavuni."

Bibi Bertila alicheka hadi akashika kinu. "Yule alikuwa jogoo wa baba. Alimrukia akiwa amelala. Kijana alipiga kelele kama mtoto, tukatoka wote na mikuki."

Kasimiri aliinama akatazama viatu vyake. Alitaka kupanda baiskeli aondoke, lakini Bibi Bertila alikuwa amekiona kitabu mkononi mwake, akauliza ni kitu gani. Kasimiri akamweleza kwamba yule mla karanga ameandika kitabu, na ndani yake yumo yeye.

"Mimi?"

"Wewe, bibi. Umeitwa Kalekwa."

"Nisomee," alisema, akavuta kigoda.

Kasimiri alisoma. Kiswahili kilipokuwa kigumu alikitafsiri kwa Kinyamwezi. Mwanzoni Bibi Bertila alimkatiza kila mara: mtungi haukuwa mwekundu, hakuwahi kuwa na ushanga wa buluu, baba yake hakuwa mtemi bali alikuwa na mbuzi tu. Lakini Kasimiri alipofika kwa chui, bibi akaacha kukatiza. Majirani walianza kusogea. Kasembe alipoanguka amejaa damu, Bibi Bertila alisema, "Rudia hapo." Kasimiri akarudia. "Tena," akasema.

Alipomaliza ukurasa wa mwisho, ule wa vumbi, alikifunga kitabu. Kuku walikuwa wanamaliza unga kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Ameandika kwamba nilimwangalia mpaka vumbi likatua?"

"Ndiyo, bibi."

"Mjinga yule," alisema Bibi Bertila, akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Kasimiri alirudi Tabora akiwa mgonjwa wa mawazo. Siku kadhaa hakugusa kitabu. Kisha taratibu akaanza kuona kwamba amepata kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Mtafiti wa kweli, alimwambia mkewe, hatishwi na jogoo.

"Wewe usitishwe," alisema Apolinaria. "Lakini waliokipenda kitabu umewauliza?"

Hakuwauliza. Aliomba ukumbi wa welfea, ule wa mikutano ya mji, akabandika tangazo sokoni: "Ukweli wa Maisha ya Anselm Ngollo, pamoja na Shahidi Aliye Hai." Bibi Bertila aliletwa kwa treni, akalala kwa Kasimiri, na chakula cha jioni alikisifu mpaka Apolinaria akamsamehe kila mtu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ulikuwa mwaka wa kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na picha yake mpya ilikuwa ukutani juu ya jukwaa, ikiangalia upande mwingine. Walikuja walimu, makarani, wauguzi, na wafanyabiashara wa Gongoni wakiongozwa na Mzee Nassibu mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Kasimiri alisimama, akakohoa, akaeleza kwamba ukweli waweza kuwa mchungu lakini lazima umezwe. Watu walipiga makofi wakidhani atazungumzia kodi. Ndipo akamwita shahidi.

Bibi Bertila alipanda jukwaani amevaa khanga mpya. Alitazama ule umati uliokuwa unamtazama yeye peke yake.

"Nilikuwa kisimani," alianza.

Kasimiri aliitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa na ushanga wa buluu. Nikasikia majani yanacheza. Nikageuka. Alikuwa chui."

Kasimiri aliacha kuitikia.

Bibi Bertila alisimulia vile ambavyo kitabu chenyewe hakikuweza. Aliinama kama chui, akainuka kama kijana, akalia kama msichana. Alikunja khanga akaonyesha kovu mkononi mwake, akasema ni ukucha wa pili, uliomkosa Anselm ukampata yeye. Kovu hilo Kasimiri aliliona jana yake mezani, na aliambiwa ni la uji wa moto. Muuguzi mmoja alilia waziwazi.

"Bibi," Kasimiri alinong'ona, "na jogoo?"

"Jogoo gani?" aliuliza Bibi Bertila kwa sauti ya kusikika.

Ukumbi ulicheka. Omari, fundi cherehani aliyekaa mbele, alisema, "Karani, kaa chini, mwache mama aseme."

Kasimiri akashika tumaini la mwisho. "Mzee Nassibu ulikuwepo. Waambie alichokuwa anaogopa yule kijana."

Mzee Nassibu aliinuka polepole, akaweka kofia yake sawa. Alimtazama Bibi Bertila, akautazama ukumbi. "Mimi nilikuwa mbele na msafara," alisema. "Lakini ngurumo niliisikia." Akaketi.

Makofi yaliyofuata yalisikika hadi stesheni. Kasimiri alikunja karatasi za hotuba akazitia mfukoni.

Asubuhi alimkuta mgeni wake jikoni akinywa chai na Apolinaria. Alisubiri, kisha akauliza kwa upole.

"Bibi, kwa nini?"

Bibi Bertila aliweka kikombe chini. "Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kunisifu hata kwa ugali. Umekuja wewe umeniambia kwamba kuna mtu alikwenda nchi za mbali ananikumbuka mpaka akaandika kitabu kizima. Halafu unataka nisimame mbele za watu niseme habari za karanga."

Apolinaria alimsukumia Kasimiri kikombe cha chai.

"Lakini kuna jambo moja," Bibi Bertila aliendelea, akishusha sauti. "Hili sikulisema jana, kwa kuwa ni la kweli. Siku alipoondoka nilikwenda njiani. Nilikwenda kuhakikisha kwamba anaondoka kweli. Vumbi lilikuwa jingi. Nilikaa kidogo zaidi ya nilivyokusudia."

Kasimiri alitoa penseli, akaishika kwa muda, akairudisha mfukoni.

Treni ya Kigoma, ya kumrudisha Bibi Bertila Usoke, iliondoka imechelewa asubuhi hiyo. Habari zilikuwa zimewatangulia, na abiria wanawake walimzunguka kwenye jukwaa la stesheni, mmoja ameshika khanga yake, mwingine anauliza kama ni kweli chui alikuwa mkubwa hivyo. Katika kusimulia alikuwa ameshafika kisimani aliposhauriwa apande. Akasema atapanda akimaliza. Gadi wa treni, bendera kwapani, alikuwa amesogea naye kusikiliza.

Mkuu wa stesheni alitoka ofisini akiangalia saa yake, akamwendea Kasimiri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akamwuliza treni inangoja nini.

Kasimiri alimtazama Bibi Bertila, ambaye sasa alikuwa ameinama na kunyoosha vidole kama kucha.

"Ngoja kidogo, bwana," alisema. "Ndiyo kwanza chui anatokea."