Mnato wa Nyota na Viti vya Mzee Kalinga

Lugano akizungusha yai mezani, darasa zima hapa chuoni kwetu Mbeya husogea. Yai bichi. Analisimamisha kwa kidole, anaachia, nalo linaanza kuzunguka tena lenyewe. "Ganda lilisimama," husema, "lakini ute ulikuwa bado unakwenda." Kisha huwapeleka kwenye nyota zake: nyota nzito kuliko Jua, lakini ndogo kiasi cha kuenea kati ya Mbalizi na Uyole, ncha mbili za mji wetu. Katikati yake, anaamini, viini vya atomu vimebanwa mpaka vikasambaratika kuwa chembe ziitwazo kwaki. Nyota hiyo ikitikisika, mnato wa kwaki, ule unataji kama wa asali, ndio unaoituliza. Mnato ukiwa hafifu na nyota inazunguka kwa kasi, mtikisiko hukua badala ya kufa.

Mimi Sifaeli nafundisha kemia, na meza yangu iko jirani na yake, kwa hiyo maelezo hayo nimeyasikia mpaka nimekinai. Ndiyo maana bado nina hasira naye. Mtu aliyejua yote hayo!

Alimpenda Benedicta, mwalimu wa fizikia wa Kihesa, Iringa. Walikutana kwenye semina ya walimu, ambako Benedicta peke yake aliinua mkono akauliza, "Sasa utajuaje kama mnato unatosha?" Lugano aliporudi Mbeya alikuwa hasemi habari nyingine.

Akamtuma mjomba wake, Ezron, awe mshenga kwa Mzee Kalinga, baba yake Benedicta, kule Kilolo. Ezron akarudi amenuna. Hakupewa hata kiti. Aliongea amesimama uani, akaambiwa hapo hakuna binti wa kuozwa Mbeya.

Benedicta akapiga simu siku hiyo hiyo, nami nikiwa papo hapo.

"Mwambie mjomba arudi haraka. Ukoo wetu mshenga akija mara ya kwanza anafukuzwa, ndo utaratibu. Akirudi anapewa kiti, mnaanza kuongea."

"Bene, mzee kakasirika. Tukirudi sasa hivi tunamtikisa zaidi. Tuache mambo yatulie yenyewe."

"Baba siyo nyota, Lugano."

Lugano akacheka. Mimi sikucheka.

Basi akarudi kwenye hesabu zake. Mvua zikapita, mahindi yakavunwa. Kila nilipomuuliza alisema mambo yanatulia, na kweli Benedicta alikuwa amepunguza kupiga simu. Masikini, aliuona huo kuwa ndio utulivu. Kumbe kule Kilolo maneno yalikuwa yanakua, kwamba yule wa Mbeya alikuwa anajaribu tu. Wahenga walishasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, lakini Lugano alikuwa anasikiliza kwaki.

Makala yake kuhusu nyota hizo ilipokubaliwa kuchapishwa, akasema sasa wakati umefika. Tukaenda Kilolo, yeye, Ezron na mimi. Mzee Kalinga alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene. Karibuni ndani, kaeni."

Tukapewa viti, tena vya sebuleni, vyenye vitambaa vilivyofumwa. Ezron akanikonyeza. Uso wa Lugano uling'aa kwa furaha, na nikikumbuka uso ule hadi leo naumia.

"Mzee, tunashukuru kwa viti," Ezron akaanza.

"Viti ni vya kila mgeni," Mzee Kalinga akasema taratibu. "Mshenga wa kina Isaka naye alikuja hapa kumposa binti, nikamfukuza. Kesho yake asubuhi nikamkuta uani tena. Tumeshakubaliana nao. Lakini nilikungoja wewe kwanza, kijana wangu. Binti alinisihi nikungoje, nikangoja."

Benedicta akaingia na chai na bakuli la mayai, akayaweka mbele ya Lugano. Hakumkwepa macho.

"Nilikupenda," akasema. "Kila gari iliyosimama hapo nje nilichungulia."

"Bene, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ulinifundisha mwenyewe."

Akarudi jikoni. Hakuna aliyegusa chai. Nilitamani kumshika Lugano mkono, na nilitamani kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Yeye akachukua yai moja, nadhani bila kujua anafanya nini, akalizungusha juu ya meza. Akaligusa kwa kidole, akaachia, akalitazama kwa muda mrefu.

Yai halikusogea. Lilikuwa limechemshwa.

Mzee Kalinga, akidhani mgeni ana njaa, akamsogezea chumvi.