Jina Lililosomeka Tupu

Kazini walimwita Bi Nukta, maana hata nukta iliyokaa vibaya ilimkosesha raha. Ndiye aliyeandika programu inayopokea majibu ya maabara hospitalini. Kila mashine ya maabara ina cheti cha kidijitali, kama kitambulisho. Programu husoma jina lililomo. Isipolitambua, hukataa majibu.

Jumatatu wifi yake, mke wa kaka yake, alisimamishwa kazi yake ya maabara. Majibu ya siku mbili hayakuwafikia madaktari, na mama mmoja mjamzito alicheleweshewa damu. Aliponea kwenye tundu la sindano.

"Nilituma yote, wifi," mke wa kaka yake alimlilia. "Nani ataniamini?"

"Ukweli utajulikana tu," Bi Nukta alimpoza.

Kesho yake aliujua yeye. Mashine ya wifi ilikuwa imepewa cheti kipya, jina lililomo likiwa limeandikwa kwa mtindo wa zamani, kila herufi ikichukua nafasi mbili badala ya moja. Akafungua programu. Mwaka jana, akiwa na haraka, alikuwa ameiagiza hivi: aina ya maandishi usiyoijua, ihesabu tupu. Chini yake alijiandikia, "Nitarekebisha baadaye." Wala hakuweka onyo lolote, hivyo majibu yalikataliwa bila mtu kujua.

Alirekebisha kwa nusu saa. Jina likasomeka, majibu yakapita. Kisha akaifuta ile "baadaye" yake, akanyamaza.

Jumatano alikwenda kumfariji wifi, akapakuliwa chakula. Akala. Alhamisi alimsikia kaka yake akimuuliza mkewe kwa upole, "Una hakika hukusahau?" Hapo moyo ukamchoma.

Ijumaa asubuhi aliingia kwa mkuu wake wa kazi na karatasi mbili: mstari wa zamani wa programu na mstari mpya.

"Kosa ni langu," alisema. "Wifi yangu wa maabara hana hatia."

Mkuu alisoma, akamtazama. "Angekuwa mtu baki, ungekuja?"



Alipokwenda kumweleza wifi, alimkuta anaanua nguo. Wifi alisikiliza hadi mwisho, shuka mkononi.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Na Jumatano ukala kwangu."

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Lakini leo nenda."

Wifi alirudishwa kazini. Bi Nukta akaondolewa kwenye programu ile. Siku hiyohiyo alikwenda wodini kumwona yule mama. Alimkuta amelala, mtoto ubavuni. Akasimama mlangoni, mpaka muuguzi alipomuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa.