Tovuti Iliyomkataa Losalini

Losalini Tukana alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya ofisi yetu siku ya Jumanne, mvua ya mji wetu wa Suva ikimwagika kama kawaida yake. Aliegemeza fimbo yake nyeupe kwenye kaunta, akajipangusa uso kwa leso, kisha akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Namtafuta aliyetengeneza tovuti yenu. Nimekuja kumthibitishia kwamba mimi ni binadamu."

Aliyeitengeneza ni mimi, Apenisa. Wenzangu waligeuka kunitazama wote kwa pamoja, wale wasaliti, nikawa sina pa kujificha.

Ofisi yetu inatoa leseni na kadi za kila namna, ikiwemo kadi ya watu wenye ulemavu ya kupanda basi bure. Zamani kadi hiyo uliiomba kaunta. Miezi mitatu kabla ya Jumanne ile tulizindua tovuti kwa keki na tarumbeta, na tangu hapo kila kitu kikawa kinaombwa humo tu. Mimi nilipigiwa makofi siku ile. Mama yangu kule kisiwani alikata picha yangu gazetini akaibandika juu ya kabati la vyombo.

"Karibu, shangazi," nilimwambia. "Shida ni nini hasa?"

"Tovuti yako inanitaka nichague picha zote zenye baiskeli, ili ijue mimi si roboti. Mimi sioni tangu nina miaka tisa. Nimeibembeleza siku tatu, haitaki." Akainamisha kichwa kidogo. "Hebu sema tena kitu."

"Niseme nini, shangazi?"

"Basi, inatosha. Lafudhi hiyo naijua. Nimepokea simu za hospitali miaka thelathini, sauti hazinipiti. Wewe ni mtani wangu." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ningejua mapema nisingejisumbua kushangaa. Watu wa kwenu mkijenga nyumba, mlango mnaukumbuka mkishaezeka."

Ofisi ikaangua kicheko. Kwao na kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hanuniwi. Nilimvutia kiti na kumletea chai.

Alitoa simu yake mfukoni akaifungua tovuti yangu. Simu hiyo ilikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichomo kwenye kioo. Ikaanza kusoma: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha, sifuri sifuri nne mbili saba. Kitufe."

"Hicho kitufe cha tatu ni cha nini?" akaniuliza.

"Cha kuomba kadi. Nimekichora basi dogo la njano."

"Basi dogo la njano," alirudia taratibu. "Mtani, vifungo vya blauzi yangu vinajieleza kuliko hivyo."

Nikaanza kumweleza kwamba fomu yenyewe ni rahisi, dakika tatu tu. Hapo ndipo alipopata pa kunishikia.

"Kama ni rahisi, funga macho uijaze wewe. Ukifaulu, nakuokea pai ya nanasi. Ukishindwa, Jumamosi unakuja kwangu Lami kunipikia samaki, na vichwa ni vyangu."

Shalini wa kaunta, ambaye sikumwomba msaada, alishavua skafu yake na kunifunga nayo macho. Zile picha za baiskeli Losalini alinisamehe, Shalini akanichagulia.

Nilidhani nitaijua njia kwa kukariri. Nyumba ni yangu, nitapoteaje? Lakini mkono ulikuwa umezoea kufuata jicho, na jicho halikuwepo. Nilibonyeza kitufe, nikasikia "kitufe". Nikabonyeza kingine, nikarudishwa mwanzo. Mara mbili muda wa ukurasa uliisha nikiwa bado naandika jina langu, nikafukuzwa. Baada ya dakika ishirini jasho linanitoka na hakuna anayecheka tena. Hatimaye simu ikasema maneno kamili, kwa sauti ya upole kabisa: "Hongera. Ombi lako la leseni ya trekta limepokelewa."

Sijawahi kugusa trekta maishani mwangu.

Nilipovua skafu sikuweza kumtazama usoni, ingawa yeye asingejua kama namtazama. Niliwaza yale makofi.

"Pole, mtani," alisema, na safari hii hakutania. "Wengi wetu huwa tunaishia hapo hapo, tunarudi nyumbani. Mimi nimekuja kwa sababu magoti bado yananibeba ngazi."

Kelele zilimtoa ofisini kwake mkurugenzi wetu, Bwana Hirendra. Alisikiliza, akakunja uso. "Mama, nimeziangalia takwimu mwenyewe. Hakuna kipofu hata mmoja aliyeomba kadi kwa tovuti. Tubadilishe kila kitu kwa ajili ya watu wasiokuja?"

"Kweli hawaji, bwana," alijibu Losalini. "Na mimi nikifunga mlango wangu kwa kufuli, nitasema sina wageni."

Bwana Hirendra alikunja midomo. Nilimfahamu: kubishana alikuwa anajua, lakini ukweli akiusikia aliukubali. Akasema, "Wiki mbili, Apenisa. Na mama alipwe kama mtaalamu. Ila ukurasa wa mbele msiuguse."

Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha yake, kubwa kuliko kila kitu.

Jumamosi nilikwenda Lami nikapika samaki kwa tui la nazi na muhogo. Losalini aliwaalika majirani wote waje kumwona mtani akilipa. Jumatatu yake tukaanza kazi.

Alikuja kila siku saa tatu asubuhi, anakaa kando yangu, na simu inasoma. Kila kitufe nilikipa jina. Lile jaribio la baiskeli nililing'oa, nikaweka njia nyingine ya kutambua roboti isiyomuuliza mtu kitu. Jumatano alimleta rafiki yake, Mzee Viliame, ambaye kiharusi kilimwachia kidole kimoja cha kuandikia. Aliandika jina lake, akapumzika, akaandika jina la baba yake, ukurasa ukamfukuza.

"Hii tovuti ina haraka ya kwenda wapi?" aliniuliza. Nikaondoa kikomo cha muda kabisa.

Zilibaki picha. Kila picha ilihitaji maelezo mafupi ya maneno, ili asiyeona ajue kilichopo. Nyingine zilikwisha upesi, ikabaki ile ya mkurugenzi. Kwa heshima nilimpelekea mwenyewe aiandike. Alirudisha karatasi: "Kiongozi kijana mwenye maono, akiongoza taifa katika zama mpya."

Nilimsomea Losalini. Akauliza, "Hayo yote yanaonekana pichani?"

"Kuna keki," nilisema.

"Na huyo kijana ana miaka mingapi?"

Bwana Hirendra alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumsikia akiingia. "Hamsini na sita," alisema kwa unyonge.

"Ana nywele?"

Shalini akakumbuka ana faili la kutafuta stoo.

"Bwana, mimi simcheki mtu upara," Losalini alisema. "Nataka tu nikisikia nipate kile anachokipata mwenye macho. Nikidanganywa kwenye picha, nitaiaminije fomu?"

Mkurugenzi alivuta kiti, akaitazama picha yake kwenye kioo kama anaiona mara ya kwanza. Akaandika kwa mkono wake: "Mkurugenzi, mwanamume wa makamo mwenye upara, akitabasamu kando ya keki." Aliisoma kwa sauti, akaanza kucheka peke yake, mabega yakimtikisika. "Apenisa, mtu anakuja kutafuta kadi ya basi, anakutana na hii? Itoe. Weka fomu hapo juu."

Tuliifungua tovuti upya siku ya Ijumaa, bila keki. Losalini alijaza fomu akiwa kibarazani kwake, akanipigia: dakika nne. Viliame alitumia arobaini na tano na hakufukuzwa. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wameomba watu mia mbili na kumi na moja, na Bwana Hirendra alitembea ofisi nzima na takwimu hizo kama babu aliyepata mjukuu.

Wiki iliyofuata Losalini akapiga tena. Nilijua ni kadi imefika, nikajiandaa kushukuriwa.

"Mtani, nimepata bahasha yenu. Ndani kuna kadi, nimeipapasa, asante. Na kuna barua ndefu. Jirani anasema imeandikwa: soma masharti haya kwa makini."

Nilifumba macho.

"Barua mnazichapa ghorofa ya ngapi?" aliuliza.

"Ya pili, shangazi."

"Vizuri. Kesho saa tatu. Mwambie wa huko achemshe chai."